Akala za Mtu Aliye Hai

Barua ya kwanza kutoka kwa vijana walionirithi ofisini ilikuwa na swali moja tu: wafanye nini na viatu vikuukuu ambavyo wagonjwa huviacha wodini? Stoo imejaa, mkaguzi anakuja, na kila mtu ana maoni yake. Niliwajibu kwa neno moja: msivigawe. Barua ya pili ikauliza kwa nini. Hilo halijibiki kwa neno moja, na kwa kuwa siku hizi sina kazi ila kumwagilia sukuma wiki zisizotaka kukua, nimekaa chini nikaandika.

Nilifika Isiolo katikati ya miaka ya sabini nikiwa na shahada ya sosholojia, sanduku la bati na jozi moja ya viatu vya ngozi ambavyo mjomba alininunulia kwa ajili ya mahafali. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu mahitaji ya jamii za wafugaji. Ilisifiwa sana, na hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kumwona ngamia. Sikuwa nimemwona. Wa kwanza nilimkuta siku hiyo hiyo niliyoshuka, amesimama katikati ya barabara akitafuna kana kwamba yeye ndiye anayetoa vibali vya kupita. Nilimzunguka kwa mbali.

Barua yangu ya kazi ilisema mimi ni afisa wa ustawi wa wagonjwa. Watu wa mji walifupisha, nikawa Bwana Ustawi, jina lililonifuata mpaka nilipostaafu. Nilipangiwa wodi ya kifua kikuu, iliyokuwa mwisho kabisa wa uwanja wa hospitali, karibu na ua wa miiba. Pale nilimkuta Sista Kaburo, mama wa Kimeru mwenye sauti ndogo na amri kubwa, akiwa na ufunguo mkononi.

"Hii ni ya stoo ya viatu," aliniambia. "Hapa tuko na dawa mbili. Sindano, na hii. Usipoteze."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Ugonjwa ule ulihitaji miezi ya sindano na vidonge, na ubaya wake ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema. Mwezi wa tatu kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, anawaza ng'ombe zake, na siku moja asubuhi kitanda ni kitupu. Baadaye ugonjwa humrudia kwa nguvu zaidi, na safari hii anakuwa amewapa watoto. Kwa hiyo mtu akilazwa, viatu vyake vilichukuliwa, vikafungwa lebo na kuwekwa stoo mpaka amalize dawa. Kati ya mji na malisho kuna miiba ya mgunga yenye urefu wa kidole. Anayetaka kutoroka bila viatu ni lazima awe na sababu nzito.

Mimi, msomi, nilishtuka. Mwezi wa kwanza niliandika ripoti ya kurasa nne kuhusu utu wa mgonjwa na kumnyima mtu viatu vyake. Sista aliipokea kwa heshima, akaisoma yote, kisha akaifunikia bakuli la sukari ili sisimizi wasiingie. Mwezi wa pili mgonjwa mmoja ambaye nilimrudishia viatu kwa huruma aliondoka navyo. Hatukumwona tena. Tangu hapo nilifunga stoo mwenyewe kila jioni na kuitikisa kufuli mara mbili.

Nijisifu kidogo kwa mambo ninayoyajua. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwa jasho la kiatu. Waya upite katika mikanda ya viatu vyote viwili, si kimoja, maana kiatu kimoja hutembea chenyewe hata kama hakuna aliyekigusa. Na kabla ya kuingiza mkono, piga kiatu ukutani. Nge wa Isiolo wanapenda kiatu cha kulia. Sijui kwa nini, na hilo sikulisoma chuoni.

Jambo nililoshindwa kulipanga ni viatu visivyo na mwenyewe. Baada ya miaka michache stoo ilikuwa imejaa. Kulikuwa na viatu vya waliopona wakaletewa vipya na jamaa zao. Kulikuwa na vya wale waliotoroka miguu mitupu, miiba au hakuna miiba. Na kulikuwa na vya waliofariki. Nilivipanga katika mafungu matatu, nikaridhika na mpango wangu, na mchwa wakaja wakala lebo za mafungu yote bila kubagua. Kilichobaki kilikuwa rundo.

Ndipo mkaguzi alipokuja kutoka makao makuu. Alifungua mlango wa stoo, akaufunga haraka, akasema chumba kile kinahitajika kwa dawa na viatu visivyo na mwenyewe viwe vimeondoka kabla hajarudi. Alinipa wiki mbili. Nafikiri sijawahi kuhangaika na kitu kidogo kama nilivyohangaika wakati huo.

"Choma," alisema Sista Kaburo.

Lakini karibu viatu vyote vilikuwa akala, zile ndara za tairi, na moshi wa mpira ungeingia moja kwa moja katika wodi ya watu wenye mapafu mabovu. Nilifikiria kuvizika. Ardhi ya nyuma ya wodi ilikuwa ngumu kama sakafu, na mbwa wangevifukua siku ya pili. Nilimuuliza Diba, dereva wetu wa Land Rover, Mborana wa Burat aliyekuwa mkalimani wangu na mwalimu wangu wa mambo yote ambayo insha yangu iliyaruka.

"Kiatu ya mtu amekufa ni ya watoto yake," Diba alisema. "Hata ikiwa imetoboka. Uliza sheikh."

"Na kama hatujui aliyekufa ni nani?"

"Basi wacha ikae. Kiatu haili chakula yako."

Jibu zuri, lakini mkaguzi asingelikubali. Na kila siku dirishani niliwaona watu wakipita peku nje ya ua. Nikaamua. Nilivitoa vyote, nikapangusa vumbi, na siku ya mnada wa mifugo nikavipeleka penye soko nikavigawa kwa yeyote aliyekuwa hana. Vilikwisha upesi. Watu waliniuliza vimetoka wapi, nikasema, kwa ile furaha ya mtu anayetenda wema mbele ya watu, kwamba ni viatu vya hospitali, vya waliosahau na vya marehemu. Nilirudi nikiimba. Sista alitazama stoo iliyobaki na rafu ya chini tu, ya viatu vya wagonjwa, akasema tu, "Umemaliza haraka."

Siku kumi hivi zikapita.

Wagonjwa wetu walipenda kuota jua la asubuhi karibu na ua. Mmoja wao aliitwa Guyo, mfugaji wa upande wa Gotu, mtu wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, mcheshi, aliyekuwa amemaliza miezi minne na kubakiza miwili. Aliletwa amebebwa. Sasa alikuwa anawashinda wenzake kwa kula. Asubuhi hiyo mama mmoja muuza maziwa alipita nje ya ua na mtungi wake, akamwona, akapiga ukelele uliowatoa wauguzi wa wodi zote. Mtungi ulianguka, maziwa yakaenda kwa mchanga. Yule mama hakuutazama. Alikuwa ameshika kifua chake akimnyooshea Guyo kidole, akisema maneno ya Kiborana mfululizo.

Nilitoka mbio. Nilipofika, Guyo alikuwa amesimama, rangi imemtoka.

"Bwana Ustawi," aliniambia taratibu, "wewe ndiyo unaandika watu hapa. Umeniandika nimekufa?"

"Hapana! Nani amesema?"

"Huyu mama ametoka kwangu juzi. Ameenda kutoa pole. Talaso, bibi yangu, ameketi eda na kitambaa nyeupe. Ndugu yangu amegawa mbuzi. Wanasema nimekufa na serikali imenizika."

"Lakini uko hai."

"Mimi najua. Ambia wao."

Diba alikuwa ameshafika, akamhoji yule mama, na habari ikatoka kipande kwa kipande. Ndugu yake Guyo alikuwa akichunga karibu na njia ya Ngare Mara alipoona nyayo za kaka yake mchangani. Alifurahi, akazifuata akidhani Guyo amepona. Mwisho wa nyayo alikuta Mturkana akichoma makaa. Alimuuliza akala amezipata wapi. Yule akasema zimegawanywa na hospitali, ni za watu waliokufa.

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilikwenda stoo ingawa nilijua. Viatu vya wagonjwa waliokuwa bado wodini vilikaa rafu ya chini. Siku ya kupangusa nilivihamisha pembeni, na jozi moja, ambayo mchwa walikuwa wameila lebo yake, ikachanganyika na rundo. Nilizikumbuka vizuri sana. Ya kushoto ilikatwa kutoka tairi la lori, yenye mistari mirefu ya kupinda. Ya kulia ilikatwa kutoka tairi la gari dogo, imeisha mpaka laini. Fundi aliyezikata, wa mtaa wa Wabera, alikuwa amepungukiwa na tairi la lori. Nilizitazama siku ile nikacheka, nikasema hakuna mtu duniani atakayerudia akala za namna hii, nikazitupa kwenye gunia. Nchi nzima ya Gotu ilizijua nyayo hizo kama watu wa mjini wanavyojua sahihi, na mimi niliona tu akala mbaya.

Niliporudi, Guyo alikuwa amekusanya blanketi lake.

"Wanahama kesho kutwa," alisema. "Mvua imenyesha upande ya Merti. Wakienda huko, nitawapata wapi? Nipe viatu yangu, niende."

"Guyo, umebakiza miezi miwili tu."

"Mtu amekufa anameza dawa ya nini?"

Ningependa kusema nilifikiria afya yake kwanza. Kweli ni kwamba kwanza niliwaza vile nitakavyoandika ripoti ya jambo hili, na nikaona haiandikiki. Baada ya hapo ndipo nilipomfikiria yeye. Akiondoka siku ile, pamoja na familia inayohama, dawa zingekatika. Ugonjwa ungerudi kabla ya kiangazi kifuatacho, ndani ya nyumba ya mikeka ambamo yeye, Talaso na watoto wawili wanalala bega kwa bega. Akibaki, familia yake ingehama ikimwacha kaburini, na mtu aliyepoteza nyumba na mifugo yake hamezi vidonge kwa moyo. Kwa vyovyote nilikuwa nimemuua mara ya pili.

"Tuma mtu apeleke habari," nilimwambia Diba. "Au twende mimi na wewe tuwaeleze."

Diba alinitazama kwa huruma. "Bwana Ustawi. Ndugu yake ameona nyayo kwa macho yake. Amefuata, amekuta Mturkana. Wewe utakuja na gari ya serikali useme, hapana, yuko hai. Watasema, serikali imepoteza maiti, sasa inatafuta maneno."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aende mwenyewe. Na aende na akala yake. Akifika na ingine, watu wataona nyayo ya mgeni kabla waone uso. Watakimbia."

Tulikwenda kwa Sista Kaburo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililokuwa baya kuliko kunikatiza.

"Kwa miaka yote," alisema, "hakuna mgonjwa nimempa viatu kabla ya kumaliza. Hata mmoja."

"Najua, Sista."

"Huyu akitoka harudi. Utaona. Atakumbatia watoto, ataona mbuzi, atasema kesho. Kesho wako Merti."

"Nitakwenda naye."

"Na ukienda naye, rudi naye. Usiporudi naye, usije hapa kunieleza. Lala tu kwa kitanda yake, sindano nitakupiga wewe."

Alifungua kabati, akatoa vidonge vya siku nne, akavifunga katika karatasi. Nilimuuliza ni vya nini, kwa kuwa tungerudi siku hiyo hiyo. Alivitia mfukoni mwangu. Ndipo nilipojua kwamba haamini kuwa nitarudi naye, na kwamba anataka Guyo apate angalau dawa za siku nne.

Kumtafuta Mturkana hakukuchukua muda. Aliitwa Ekai, alikuwa sokoni akishusha magunia ya makaa kutoka kwa punda. Miguuni alikuwa na zile akala. Nilimsalimu kwa adabu kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo siku ya mnada.

"Ekai, kuna kosa limetokea. Hizo akala zina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Wewe ulinipa, mbele ya watu. Ukapiga na makofi."

"Mwenyewe yuko hai."

"Vizuri. Mwambie hongera." Alishusha gunia jingine. "Kitu mtu amepewa, haiulizwi. Na hii imeshazoea mguu yangu."

"Moja ni ya lori na nyingine ya gari ndogo!" nilisema kwa uchungu.

"Ndiyo. Moja inavuta, moja inateleza. Ninaenda kama gari kwa mteremko."

Diba alikuwa amegeuka kando, mabega yakimtetemeka. Nilimpa Ekai kila hoja niliyokuwa nayo, pamoja na moja ya haki za binadamu. Alizisikiliza zote. Kisha macho yake yakashuka, yakatua kwenye viatu vyangu vya mahafali, ambavyo nilikuwa nikivipaka rangi kila Jumapili tangu chuoni.

"Hiyo," alisema.

Nilivivua palepale sokoni. Vilimtosha barabara, jambo lililoniuma zaidi. Nilirudi hospitali peku, nikaazima patapata, ndara za mpira za wodini, za buluu, moja ikiwa imefungwa kwa msumari, na nikaingia Land Rover kwenda kumfufua mtu.

Guyo alizivaa akala zake kiti cha nyuma. Tulipita Ngare Mara, vumbi likiingia kila mahali, nami nikirudia kichwani maneno ya kuwaambia wazee. Diba alinikatiza. Kabla ya Gotu alisimamisha gari kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji, akazima injini.

"Hapa ndiyo mwisho ya gari."

"Kwa nini? Nyumba zao zi wapi?"

"Nyuma ya kile kilima. Gari ikifika, wanawake watalia tena, watasema maiti imeletwa. Wacha atembee."

"Peke yake?"

"Wewe unataka umshike mkono?"

Ndicho nilichotaka. Nilimshika Guyo bega. "Rudi kabla ya alasiri. Wasalimie, waone, kisha urudi. Tafadhali."

"Nitarudi," alisema, kwa ule upesi ambao watu husema nao neno hilo. Akavuka laga. Mchangani ziliachwa nyayo zake: moja yenye mistari, moja laini, moja yenye mistari, moja laini, mpaka ng'ambo, na kichaka kikamficha.

Vijana, mtasoma katika vitabu vyenu kuhusu uchovu wa kazi yetu. Hakuna mtu atakayewaambia kwamba sehemu kubwa yake ni kukaa juu ya boneti ya gari ukitazama kichaka. Mchana kati ulipita. Diba aliswali adhuhuri, akachemsha chai kwa kuni za mgunga, akanipa kikombe, nikakishika mpaka kikapoa. Nilipiga hesabu ya mwendo: kwenda kilimani, kulia, kukumbatiana, chai, kurudi. Ilipopita hesabu hiyo nikapiga nyingine yenye kulia zaidi. Kisha nikaona vumbi nyuma ya kilima, nikasema wanahama, wameanza kuhama leo.

"Ni mbuzi zinaenda kunywa," Diba alisema.

"Una hakika?"

"Vumbi ya kuhama ni ndefu. Kunywa chai."

"Diba, nimempa mtu viatu na njia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Ndiyo," alisema Diba, ambaye hakuwa mtu wa kumbembeleza mwenzake. "Umempa."

Alasiri ikaingia. Diba aliswali tena. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Sista amesimama mlangoni, hasemi kitu, na nimeshaanza kujiuliza kama kile kitanda kitanitosha kwa urefu, Diba alipoinua kidevu chake upande wa kichaka.

Mbele alikuja mwanamke, akitembea kwa hasira. Kitambaa cheupe cha eda alikuwa amekivua na kukifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kufua. Nyuma yake alikuja Guyo, polepole, akichagua mahali pa kukanyaga, kwa maana alikuwa peku. Akala zote mbili alikuwa nazo mwanamke, amezibana kwapani.

Hakunisalimu. Alisimama mbele yangu akanitazama toka kichwani, na aliposhuka mpaka kwenye patapata za buluu alituliza macho hapo kwa muda.

"Huyu ndiyo Bwana Ustawi?" alimuuliza Diba kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Ndiyo yeye."

"Nimelia siku tisa," Talaso aliniambia. "Sauti imekwisha. Sasa nitalia nini akikufa kweli?"

"Nisamehe, mama."

"Ndugu yake amekataa kumsalimu kwa mkono. Ameenda kwanza kuangalia nyayo, toka laga mpaka mlango. Mara mbili. Ndiyo akalia." Alipumua. "Nimembana Guyo, sasa anasema iko miezi miwili ya dawa. Ni kweli?"

"Ni kweli. Akiacha sasa, ugonjwa utarudi, na utawashika watoto."

"Kwanza alikuwa ananiambia imebaki wiki moja. Kisha akasema atakuja nyuma yetu Merti, huko kuna dawa ya mizizi." Alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa ameegemea gari akiutazama unyayo wake uliochomwa na mwiba kana kwamba habari hizi ni za mtu mwingine. "Mwongo. Kwa hivyo nimemvua viatu."

"Bibi yangu ni askari," Guyo alisema kwa unyonge.

"Ingia gari."

Aliingia. Mimi nilinyoosha mkono kupokea akala, kama nilivyokuwa nimezoea kwa miaka yote. Talaso alizirudisha nyuma ya mgongo wake.

"Hapana. Kwenu viatu inapotea. Hii itakaa kwangu, juu ya kitanda, mtu yeyote akiingia ataiona. Hatutahama mbali. Ndugu yake ataenda Merti na ng'ombe, mimi nitakaa hapa na mbuzi. Siku anamaliza, nitaleta mwenyewe."

Jioni ile Sista Kaburo alikuwa mlangoni kama nilivyomwaza kule laga. Alimtazama Guyo akishuka, akatazama miguu yake mitupu, kisha yangu.

"Umerudi naye."

"Nimerudi naye, Sista."

"Na viatu?"

Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akaniomba ufunguo wa stoo. Alitoa viatu vya wagonjwa wote waliokuwepo, akavipanga barazani, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa jina, akiuliza swali ambalo hatukuwahi kuuliza: nyumbani kwako nani atakutunzia hivi? Aliyekuwa na mama alimtaja mama. Wengi walitaja wake zao, na wawili walisema afadhali vikae stoo. Kuanzia siku hiyo hiyo, aliyemleta mgonjwa aliondoka na viatu vyake, na jina lake likaandikwa katika kadi. Hatukuacha kutorokwa kabisa, sitawadanganya, lakini kutoroka ni rahisi ukimkimbia muuguzi kuliko ukienda kumkuta mkeo ameketi na viatu vyako. Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kwenu: viatu visivyotakiwa hospitalini kuna mahali vinatakiwa, na ni kazi yenu kupajua kabla hamjafungua gunia.

Guyo alikaa miezi yake miwili. Siku ya mwisho Talaso alifika asubuhi na lori la maziwa, akakaa kwenye benchi la wodi, akala za mumewe mapajani, mikono juu yake. Sista alimpa Guyo vidonge vya mwisho na kikombe cha maji. Guyo alimeza, akafuta mdomo, akamnyooshea mkewe mkono.

"Lete sasa."

"Fungua mdomo," Talaso alisema.

"Nimemeza! Sista ameona."

"Sista hajaolewa na wewe. Fungua."

Guyo alinitazama akiomba msaada, nami nikatazama nje dirishani. Akafungua. Talaso aliinuka, akamshika kidevu, akamgeuza upande wa mwanga, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwambia ainue ulimi, akatazama chini yake. Ndipo akainama akaziweka akala sakafuni, mbele ya miguu yake.